Mabomba ya Hospitali Kongwe

Philadelphia, Marekani

Hoteli ya Bellevue ingali palepale Barabara ya Broad ilipofunguliwa mwaka 1904, jengo refu lenye mapambo ya Kifaransa hadi kwenye paa. Siku hizi chini ni maduka na ofisi, hoteli imebaki juu. Julai 1976 chama cha wanajeshi wastaafu, American Legion, kilifanya mkutano wake hapa. Wajumbe wakarudi makwao, na siku chache baadaye wakaanza kuanguka kwa nimonia isiyosikia dawa. Walikufa watu 34. Ilipita miezi mitano hadi Joseph McDade, mtafiti wa maabara ya serikali kule Atlanta, alipomwona mdudu mwenyewe kwenye darubini, na Januari 1977 dunia ikatangaziwa. Mdudu akapewa jina la wazee wale: lejionela.

Bellevue nilipita tu. Kazi yangu ni mabomba ya hospitali, pwani ya Tanzania, na safari hii niliifanya ili nione wenzetu wenye majengo makongwe wanayalinda vipi maji yao. Hoteli ilipata umaarufu, lakini mahali pa kumwogopa lejionela hasa ni hospitalini, kwa kuwa huko maji hupita kwenye mabomba marefu sana na mwisho wa bomba amelala mtu asiye na nguvu ya kujitetea. Mdudu huyu huvutwa na pumzi pamoja na matone madogo ya bomba la mvua, au huingia mapafuni maji yanapompalia mtu. Mwenye afya anaweza kuoga naye mwaka mzima asijue kitu. Aliyepandikizwa figo, au mzee aliyevuta sigara miaka arobaini, hana bahati hiyo.

Pittsburgh

Treni kutoka Philadelphia inachukua zaidi ya saa saba, ikijipinda katikati ya milima. Nilitaka kuufika mji huu kwa sababu ndio uliowafundisha wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Janet Stout na Dakta Victor Yu, wakiwa katika hospitali ya maveterani, walionyesha kwamba lejionela anaishi ndani ya mfumo wa maji wa hospitali yenyewe, kwenye matangi ya maji ya moto na kwenye koki. Kabla ya hapo macho ya wengi yalikuwa kwenye minara ya kupozea viyoyozi. Hapo pia ndipo mtindo wa shaba na fedha ulipopata watetezi wakubwa: umeme mdogo unapitishwa kwenye vipande vya madini hayo vilivyozamishwa majini, chembe zake zinamomonyoka kidogo kidogo na kusafiri na maji hadi mwisho wa bomba, huko zinaua bakteria.

Mwaka 2006 maabara yao ilifungwa na wakubwa wa hospitali, na mkusanyiko wa bakteria uliohifadhiwa kwa miaka mingi ukateketezwa. Mwaka 2011 na 2012 lejionela akazuka katika hospitali hiyohiyo, mitambo ya shaba na fedha ikiwa ipo na inaendeshwa. Maveterani wasiopungua 5 walikufa, na mambo yakafika mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington. Nchi nzima ilikuwa ikiutazama mji huu kama mwalimu, na mwalimu ndiye aliyefiwa. Mtambo ulikuwepo. Waliojua kuusoma walikuwa wameshaondoka.

Tangu 2017 hospitali za Marekani zinazopokea fedha za bima ya serikali ya wazee zinatakiwa kuwa na mpango wa maandishi wa kusimamia maji: nani anapima, anapima wapi, anafanya nini kipimo kikienda vibaya. Karatasi haiui bakteria, najua. Lakini angalau inamtaja mtu mwenye kuulizwa.

Uingereza

Hospitali niliyotembezwa siitaji, maana walioniingiza mpaka chini ya sakafu walinifanyia hisani. Iko mji wa kaskazini, matofali mekundu ya enzi za Malkia Victoria upande wa mbele, na nyuma kila kizazi kimepachika jengo lake. Fundi mkuu wake anakaribia kustaafu. Hakunionyesha mtambo wowote. Alitoa kipimajoto mfukoni, kile cha waya mrefu wenye ncha ya chuma, tukapanda hadi chumba cha mwisho cha ghorofa ya tatu, mahali ambapo bomba linaishia.

Akafungua koki ya maji ya moto, akatazama saa. Dakika moja ilipotimia akaingiza ncha kwenye mkondo: nyuzi 56. Akaandika. Akafungua ya baridi, akasubiri dakika mbili: 17. Akaandika. Tukashuka kwenye koki iliyo karibu zaidi na boila, akarudia yaleyale. Kila mwezi anapima koki ya karibu na ya mbali ya kila tawi, kwa kuwa hizo mbili zikiwa salama, za katikati kwa kawaida nazo huwa salama.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Lejionela huzaana kati ya nyuzi 20 na 45. Chini ya 20 amelala, kwenye 60 anakufa. Kwa hiyo maji ya moto yahifadhiwe kwenye 60, yamfikie mgonjwa kwenye bomba yakiwa na 55, na ya baridi yabaki chini ya 20. Uingereza nzima imejenga ulinzi wake juu ya tarakimu hizo tatu, dawa huja baadaye.

Ugumu ni jengo. Hospitali ya miaka mia na ushee imevaa mabomba ya kila zama: risasi, chuma cha mabati, shaba, plastiki. Bomba la baridi linapita sambamba na la moto kwenye shimo moja lisilo na hewa, linapashwa bila mtu kukusudia. Wodi inageuzwa ofisi, ofisi inageuzwa stoo ya mafaili. Sinki linang'olewa, bomba linakatwa usawa wa ukuta, linazibwa, linapigwa plasta, rangi, basi. Nyuma ya plasta maji yamebaki, hayana pa kwenda, yana joto la chumba, na upande wa pili yangali yameungana na maji ya mgonjwa. Fundi alinigongea ukuta wa korido moja. Anajua kuna bomba humo kwa sababu aliliona likiingia upande wa pili, ila kwenye ramani halipo. Ramani aliyoikuta kazini ilichorwa kabla hajazaliwa, na waliokata mabomba baadaye hawakuona haja ya kuigusa.

Kwenye karakana yake kuna kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, kilichopasuliwa kwa msumeno. Tundu lililokuwa pana kama kidole gumba limebaki la kupitisha penseli. Kutu na chokaa vimejaa vinundu. Nilipitisha kidole. Kuna utelezi wa kahawia, kama wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Huo utando ndio nyumba. Ndani yake kuna amiba, na mwaka 1980 Timothy Rowbotham, aliyekuwa akifanya kazi Leeds, alionyesha kwamba lejionela huingia ndani ya amiba na kuzaliana humo. Amiba akibanwa na dawa hujifunika gamba, na mpangaji wake anapona naye. Ndiyo maana hospitali inaweza kumwaga klorini Ijumaa, vipimo vikatoka safi Jumatatu, na baada ya wiki kadhaa wadudu wamerudi. Tangu nimekigusa kile kipande siamini tena zoezi la kusafisha la mara moja.

Kisha kuna mgongano ambao sikuufikiria kabla ya kwenda. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache. Kwa hiyo karibu na koki wanafunga vali ya kuchanganya moto na baridi, maji yatoke kama 41. Wamemwokoa mgonjwa na kuungua, na kutoka vali hadi mdomo wa koki wametengeneza kipande kifupi cha joto ambalo bakteria anatamani. Fundi anataka vali iwe karibu na koki kadiri inavyowezekana, na mpira unaounganisha uondolewe, maana baadhi ya mipira ile ya kupinda ndani yake huota utando upesi kuliko shaba.

Wodini nilikutana na dada wa Mombasa, muuguzi, mmoja kati ya Wakenya wengi waliokuja kufanya kazi huku. Aliposikia Kiswahili changu akaniacha nimalize kusalimia, kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa bafu lisilotumika. Kila chumba kisicho na mgonjwa, koki zote na bomba la mvua vinafunguliwa kwa dakika kadhaa, mara mbili kwa wiki au zaidi, mtu anatia saini.

“Kaka, mwanzo roho iliniuma,” akasema. “Nafungua maji yanaenda bure, nayatazama tu. Kwetu Kisauni mama angenipiga kofi.”

Sasa anazitia saini zile karatasi bila kufikiri. Nilimuuliza kama kuna siku hawafungui. Akacheka, akasema muulize mlinzi wa zamu ya usiku.

Msomaji asichukue kwamba ukongwe ndio ugonjwa. Stafford, mwaka 1985, watu 28 walikufa kwa lejionela aliyetoka kwenye mnara wa kupozea kiyoyozi wa hospitali iliyokuwa bado mpya. Paris walifungua hospitali ya Georges-Pompidou mwaka 2000, fahari ya mji, na haikuchukua muda wakawa na wagonjwa wa lejionela humohumo. Glasgow walifungua hospitali kubwa mwaka 2015, na 2018 wodi za watoto wenye saratani zikahamishwa kwa hofu ya maji na mifereji ya maji machafu. Jengo jipya hujazwa maji miezi kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, na maji hayo yanakaa. Jengo kongwe lina faida moja: kila mtu analishuku.

Belfast

Hospitali ya Royal Victoria ilifunguliwa 1903 na ilisifiwa kwa jambo moja la ajabu. Mafeni makubwa yalivuta hewa ya nje, yakaipitisha kwenye mapazia ya kamba za makumbi ya nazi zilizoloweshwa maji, hewa ikasafishwa na kupata unyevu, ndipo ikaenda wodini. Makumbi ya nazi, Belfast! Leo hakuna mhandisi wa maji atakayekuruhusu kutundika kamba mbichi kwenye njia ya hewa ya wagonjwa, lakini kwa mwaka 1903 walikuwa mbele ya wengi.

Katika eneo hilohilo kuna hospitali ya uzazi ya Royal Jubilee. Desemba 2011 mtoto mchanga alikufa hospitali ya Altnagelvin, Londonderry. Januari 2012 wakafa watatu Royal Jubilee, wote katika vyumba vya watoto njiti na wachanga mahututi. Safari hii mdudu alikuwa pseudomonasi, ambaye hahitaji kuvutwa na pumzi. Anatosheka na mkono wa muuguzi aliyenawa, au pamba iliyochovywa kwenye maji ya koki.

Uchunguzi ulipokwenda ndani ulikuta tatizo liko kwenye koki zenyewe. Zilikuwa za kisasa, na ndani ya mdomo zilikuwa na kipande cha plastiki chenye matundu mengi kinachonyoosha mkondo ili maji yasirukeruke. Kipande hicho ni kidogo kuliko sarafu na kina kona nyingi, kila kona na utando wake. Koki zikang'olewa zikawekwa za kawaida, watoto wakawa wanaoshwa kwa maji yaliyotakaswa, na mwongozo mpya ukasambazwa Uingereza kote. Sentensi moja ya mafunzo yale ningeipaka ukutani kwetu: sinki la kunawia mikono ni la kunawia mikono. Usimwage humo maji ya kumwogeshea mgonjwa, wala maziwa yaliyobaki, wala dawa, kwa kuwa unalisha utando wa kwenye tundu la sinki, na maji ya koki yakiupiga unaruka juu.

Nijmegen, Uholanzi

Waholanzi wana kumbukumbu yao chungu. Mwaka 1999 kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, beseni la maji ya kuchemka mapovu lililokuwa likionyeshwa lilirusha lejionela hewani na watu 32 wakafa. Tangu hapo sheria zao za maji ni kali.

Lakini nilichokifuata Nijmegen ni kingine. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Radboud, chumba cha wagonjwa mahututi, mwaka 2014 waling'oa masinki kwenye vyumba vya wagonjwa. Hawakuyabadilisha, waliyang'oa. Mgonjwa anafutwa mwili kwa vitambaa vinavyotupwa, meno yanasafishwa kwa maji ya chupa, dawa haziyeyushwi kwa maji ya koki, mikono ya wahudumu inasuguliwa kwa spiriti, na anayehitaji kunawa kwa sabuni anatoka nje. Matokeo waliyoyachapisha 2017 yalionyesha wagonjwa waliobeba bakteria wa kundi pana la akina pseudomonasi walipungua, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliolazwa muda mrefu.

Nilisimama nje ya kioo, nikaona ukuta usio na koki hata moja. Ukinichukua mtu wa kwetu unioneshe wodi isiyo na koki nitakuambia serikali haijaleta fedha. Hawa wamelipa ili ziondoke.

Nyumbani

WHO na UNICEF waliripoti 2020 kwamba kituo kimoja cha afya kati ya vinne duniani hakina hata huduma ya msingi ya maji. Kwa hiyo mtu akirudi kutoka Nijmegen na hoja ya kung'oa masinki, afukuzwe. Wodi ya wazazi isiyo na maji inaua zaidi ya lejionela, na haraka zaidi.

Hata hivyo majengo tunayo, na si machanga. Ocean Road ya Dar es Salaam, waliyoijenga Wajerumani, ilifunguliwa 1897, miaka sita kabla ya ile ya makumbi Belfast, na iko kazini mpaka leo. Pwani nzima, kuanzia Tanga hadi Lindi, kuna wodi zenye mabomba ya Mjerumani yaliyoungwa na ya Mwingereza, yakaungwa na ya baada ya uhuru, yakaungwa na ya mradi wa juzi.

Nilinunua kipimajoto cha waya kama kile cha fundi wa Uingereza na kukitumbukiza kwenye maji ya koki ya hospitali ninayoitumikia, saa saba mchana. Maji ya baridi: nyuzi 32. Tangi liko juu ya paa, jeusi, jua lote ni lake. Kwa kanuni ya Kiingereza mfumo wetu wote wa baridi uko katika joto la kuzaliana, usiku na mchana, Januari hadi Desemba, na hakuna namna ya kuyafikisha maji ya pwani yetu chini ya 20. Tarakimu zao tatu hazitufai. Kwenye maji ya moto hali ni mbaya kwa njia nyingine: wodi za kawaida hazina kabisa, na zile za daraja la kwanza zina hita ya tangi iliyoteremshwa hadi 45 ili mita ya umeme ya LUKU isikimbie. Joto hilo nalo limo ndani ya lile la kuzaliana. Ama liwekwe 60 na vali ya kuchanganya, ama hita izimwe kabisa.

Silaha zinazotubakia ni mwendo wa maji na klorini. Klorini kwenye tangi linalopigwa jua inaisha upesi, na mgao wa maji unatulazimisha kuweka akiba ya siku nyingi, yaani tunahifadhi maji hadi yanapoteza ulinzi wake. WHO wanataka angalau miligramu 0.2 kwa lita zibaki maji yanapofika kwenye koki. Kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi kinakuambia kama zipo au hazipo, na kipimo hicho kifanyike kwenye koki ya mbali, ile ya mwisho wa bomba, wala si chini ya tangi ambako kila mtu hupata majibu mazuri. Tangi lenyewe lifunikwe, lipakwe rangi nyeupe au lijengewe kivuli, tope la chini litolewe. Mawili madogo yanayopokezana ni bora kuliko moja kubwa linalolala.

Ile ndoo yenye koki tunayoidharau, inayowekwa mlangoni mwa wodi, nimeanza kuiheshimu. Inamwagwa kila siku, inasuguliwa, inaonekana ndani. Na mgonjwa anayeoga kwa kopo harushi matone mengi hewani kama anayesimama chini ya bomba la mvua.

Wenzangu kazini wananiambia ugonjwa huu kwetu haupo. Swali langu ni nani ameutafuta. Kipimo cha mkojo kinachotumika zaidi duniani kinamtambua lejionela wa kundi moja tu, na hata hicho sijakikuta kwenye maabara za wilaya nilizopita. Mgonjwa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika akipata nimonia siku ya nane anaandikiwa ceftriaxone, dawa ambayo haimgusi lejionela, kwa kuwa mdudu amejificha ndani ya chembe za mwili. Inayohitajika ni azithromycin au levofloxacin. Akifa, cheti kinasema nimonia, na hakuna anayepanda juu kufungua tangi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa katibu wa afya na mhandisi wa hospitali yoyote yenye ukarabati mwaka huu. Kabla mkandarasi hajalipwa, zungukeni naye jengo zima mkiwa na karatasi, mchore kila bomba lilipo leo. Na wodi ikifungwa au sinki likiondolewa, msikubali bomba lizibwe ukutani. Likatwe kule linakotokea kwenye bomba kubwa, na mtu aliyelikata atie saini.